Choo cha Kona

Nilijiunga na kundi la walipuaji kwa sababu ya ngazi. Mtu alinitumia picha ya ngazi ya zege iliyojengwa vizuri, ina hadi kishikio cha chuma kilichopakwa rangi, inapanda mpaka ukutani. Ukutani hakuna mlango. Kuna dirisha dogo la bafuni, na nyuma ya kioo chake unaona chupa ya shampuu. Chini ya picha mtu ameandika: "Bosi, tumemaliza, karibu ghorofani." Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka. Halafu nikaanza kuikuza ile picha kwa vidole, nikitafuta mahali kosa lilipoanzia. Nikapaona. Ukuta ulikuwa na alama ya mlango uliozibwa kwa tofali mpya. Kumbe mlango ulifutwa ngazi ikiwa bado inajengwa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia fundi wa ngazi.

Kulipua kazi ni kuifanya ilimradi iishe, na kundi lile la mtandaoni lipo kwa ajili hiyo tu. Wamo mafundi, makarani, walimu, walinzi, wauguzi, na watu wa maofisini wanaochangia wakijifanya wako kazini. Nimeona humo swichi ya taa iliyofungwa ndani ya kabati la vyombo. Nimeona geti linalofunguka nusu kwa sababu nguzo ya umeme ilikuwepo kabla yake. Karani mmoja aliandika kwamba kwao wameagizwa kila aliyekatikiwa na mtandao atoe taarifa kwa barua pepe. Mwingine aliitwa kwenye kikao cha kujadili kwa nini vikao vimezidi, na muda ukaisha, wakakubaliana kukutana tena. Kila Ijumaa wasimamizi wanamtangaza Mlipuaji wa Wiki, picha ya kazi yake inazungushiwa fremu ya maua kama kadi ya harusi.

Mie ni fundi tailizi. Nimesoma mpaka kidato cha nne, chuo cha ufundi sikwenda. Kazi nimejifunza kwa simu, kwenye video za watu wa nchi ambazo hata lugha zao sizijui. Nilikuwa nazima sauti natazama mikono tu: namna wanavyoshika mwiko, wanavyopaka gundi, wanavyobonyeza kigae na kukizungusha kidogo kabla ya kukiachia. Na nina ugonjwa wa kurudi. Nikimaliza sakafu naipitia tailizi moja moja, naigonga kwa kifundo cha kidole nikisikiliza kama kuna iliyobaki na hewa chini. Nikifika nyumbani Manzese naanza kuifikiria ile ya pembeni ya mlango. Nimewahi kurudi saiti ya watu, nikamdanganya mlinzi kwamba nimesahau tepu, ili niigonge tena.

Kwa hiyo kundi lile halikuwa kichekesho tu kwangu. Nilikuwa nasoma humo. Na nilikuwa naogopa humo. Mtu asiye na cheti akikosea hawasemi amekosea, wanasema si tulijua.

Siku picha ilipokuja nilikuwa nimekaa kwenye karakana ya jirani yangu anayechomelea mageti, ukuta mmoja na chumba nilichopanga. Namwita braza. Naye yumo kundini, na mara nyingi tunaicheka picha moja kwa wakati mmoja, mie ndani, yeye nje. Alikuwa ananinyooshea mguu wa meza ya kukatia tailizi. Akaacha, akavua miwani ya moto, akaanza kutikisika.

"Sista, hebu njoo. Leo wamelipua mpaka haja."

"Nini tena?"

"We cheki. Choo kinapiga kona."

Kilikuwa choo cha kukaa, cheupe, kimewekwa mshazari kwenye bafu jembamba, tangi lake limeingia pembeni ya kuta mbili. Lakini macho yangu hayakwenda kwenye choo. Yalikwenda sakafuni, kwenye mistari ya tailizi, jinsi ilivyoachana na kuta ikafuata choo, ikafika ukingoni bila hata kipande kimoja chembamba cha kuziba. Nikaujua mkono. Ulikuwa wangu.

"Mbona hucheki?"

"Nacheka."

"Wapi, we umenuna. Soma za chini huko, utakufa."

Nikasoma. Mmoja aliuliza kama choo kina indiketa. Mwingine alisema hapo ukikaa unatazamana na jirani, inabidi umsalimie kwanza. Mwingine: "Hiki amekifunga dereva wa bajaji." Mwingine akaandika kwamba huyu fundi hakutumia pima maji, aliyanywa. Walikuwa wengi wa namna hiyo, fundi mlevi, fundi kalewa, fundi kapima kwa chupa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ule utani wa bajaji ulikuwa mzuri. Ingekuwa choo cha mtu mwingine ningeucheka siku nzima.

"Mie ningemwita huyo fundi," braza alisema, "nikamwambia kaa hapo. Kaa mpaka jioni, unieleze unaona nini."

Nikamrudishia simu. Sikumwambia.

Choo kile nilikifunga Chanika, kwenye nyumba mpya iliyozungukwa na mashamba ya mihogo, ya familia ya watu wa Pwani waliohama kutoka mjini. Bafu lilikuwa la bibi wa nyumba. Nilipofika, bomba la kutolea uchafu lilikuwa limeshamwagiwa zege na mafundi waliotangulia. Kazi yangu ilikuwa kutandika tailizi na kufunga choo. Nilikiweka kikavu kwanza, bila saruji, kimenyooka na ukuta, nikamwita bibi aje akione.

Bibi alisimama mlangoni, akatazama, akanyoosha mkono mbele yake. Halafu akanishika bega akanitoa nje ya bafu, tukaenda mpaka uani, ndipo akasema:

"Kibla ni huku. Nikikaa pale nimekielekea."

Sie ni Wakristo wa kusini, wazazi wangu wametokea Masasi. Neno kibla nimelisikia tangu utoto kwa majirani, lakini sikuwahi kujua kwamba mtu akienda haja hakielekei, wala hakipi mgongo. Bibi alinieleza kwa maneno machache, taratibu, bila kunifanya nijione mjinga.

Kukigeuza choo robo nzima kusingewezekana, magoti yangegonga ukuta. Kukihamisha kungetaka kuvunja zege lote. Ulibaki mshazari. Kwa kuwa kibla huku kwetu ni upande wa kaskazini, nilitoa simu niitafute kaskazini kwa dira, lakini ndani sindano ilikuwa inahangaika kwa sababu ya nondo za ukutani. Nikatoka nayo nje, nikavuta uzi kutoka uani kupitia dirishani mpaka sakafuni, na bibi akakaa kwenye kiti cha plastiki akiushika kwa upande wa nje.

"Usiuachie, bibi."

"Siuachii. We piga chaki, mjukuu wangu."

Nilipopiga chaki nikaona kwamba tailizi zikifuata kuta, choo kitaonekana kimeteleza. Nikazigeuza zote zifuate choo. Nilikata ukingo mzima upya. Lile ndilo bafu nililolifanya vizuri kuliko yote niliyowahi kushika, na sasa lilikuwa kwenye simu za watu nisiowajua, limeandikwa ulevi.

Yote haya yangekuwa aibu ya siri tu kama nisingekuwa nasubiri jibu la Goba.

Kule Goba kulikuwa na mama mmoja anamalizia jengo la kupangisha, juu kabisa ya kilima, lenye mabafu manne. Mpaka wakati huo nilikuwa fundi wa kuitwa na fundi mwingine. Anachukua kazi yeye, mie napiga magoti, mwenye nyumba anamshukuru yeye. Mabafu ya Goba yangekuwa ya kwanza kupewa mie mwenyewe. Nilikuwa nimemtumia mama huyo picha za kazi zangu, na moja ilikuwa ukuta wa bafu la Chanika. Tailizi zile zile, dirisha lile lile, ila choo hakikuonekana.

Jioni ile ile ya karakana akanitumia ujumbe. Ndani yake ilikuwepo picha ya choo cha kona, na maneno: "Fundi umeona hii? Watu wengine sijui wanasomea wapi. Kwangu nisione kitu cha hivi."

Wanasomea wapi. Nikayasoma mara mbili. Kisha vidole vyangu vikajibu vyenyewe: "Nimeona mama," na kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Nilikijutia kikatuni kile papo hapo. Tiki zikageuka bluu. Nimeicheka kazi yangu mwenyewe mbele ya mtu ninayemwomba kazi.

Baada ya hapo sikutulia. Nilikuwa naosha mwiko naacha katikati nashika simu. Nilikuwa nafungua picha niliyomtumia na ile ya kundini, naziweka jirani, najaribu kutazama kwa macho ya mama wa Goba. Ataitambua? Dirisha lile ni la kawaida, Dar nzima wanaweka dirisha lile. Lakini grauti, ile ya kuziba kati ya tailizi, ni ya kijivu, na watu wengi wanaweka nyeupe. Nikajiambia mwenye nyumba hatazami grauti. Nikajijibu kwamba mwenye nyumba anayemtumia fundi picha kama ile, huyo anatazama.

Wakati huo huo nikawa naandika andiko la maelezo la kuweka kundini. La kwanza lilikuwa refu, lina hasira, linaanza na "Kabla hamjacheka." Nikalifuta. La pili lilikuwa na mchoro wa kaskazini. Nikalifuta. La mwisho lilikuwa zuri kweli: fupi, lina heshima, linaeleza sababu bila kumtaja mtu, na mwishoni nimeweka utani mmoja ambao nilijua wangeupenda. Nililisoma kwa sauti nikaona linapita. Halafu nikashindwa kulituma. Mikono iliyokifunga ni yangu, lakini choo si changu.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Chanika.

Bibi alikuwa barazani anamenya mihogo. Aliponiona akaweka kisu chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi wangu! Choo hakijaharibika, umefuata nini?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Na macho hayo?"

Nikaomba kwanza nikaone bafu. Niligonga tailizi, nikatazama silikoni kuzunguka kitako cha choo, nikakisukuma kwa goti. Hakikutikisika. Kwenye pembe tatu iliyobaki nyuma ya tangi bibi alikuwa ameweka kopo lake la maji, na lilienea pale vizuri sana. Nilitoka nikiwa na nguvu kidogo, nikampa simu.

Aliishika mbali na uso. "Hiki si changu?"

"Ndicho."

"Nani kakipiga picha?"

"Nadhani wale mafundi wa dari, waliokuja baada yangu."

"Wale!" Bibi akapiga kofi pajani. "Wale dari lenyewe juzi limeniangukia kipande kwenye mkeka. Na chai nikawapa, na vitumbua."

Nikamsomea walivyoandika watu. Ule wa indiketa hakuuelewa, nikamweleza, akasema hauchekeshi. Ila nilipofika kwa jirani anayesalimiwa, alivuta kanga akaziba mdomo na mabega yakatikisika.

"Wana maneno hawa watu."

"Bibi, nataka kuwaeleza sababu. Nimeandika vizuri, sijakutaja." Nikamsomea lile langu zuri, pamoja na utani wa mwishoni.

Kanga ikashuka. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Siku ile nilikuelezea wapi?"

"Nje. Uani."

"Nilikutoa mle ndani kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimedhani alinitoa ili anyooshe mkono vizuri.

"Mambo hayo hayatajwi mle," alisema. "Sasa huko kwenye simu wote wamo chooni, wanacheka. We unataka ukichukue kibla ukiingize humo humo."

"Wakijua wataacha kucheka, bibi."

"Wataacha baadhi. Wengine watakuwa umewaletea kipya." Akachukua muhogo mwingine. "Choo wakicheke. Choo hakisikii. Lakini hicho kingine nakuomba kisiende huko."

"Na mie je? Wananiita mlevi."

"Unakunywa?"

"Sinywi."

"Basi." Alimenya kidogo, kisha akanitazama. "Inauma, najua. Sikuambii haiumi."

Alinifungia mihogo kwenye mfuko, nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na nikaondoka nikiwa na hasira naye. Nasema kama ilivyokuwa. Yeye alikuwa na sababu, alikuwa na choo, alikuwa na amani yake. Mie nilikuwa na kazi moja tu ya kutumaini, na kitu pekee kilichoweza kuniokoa kilikuwa mdomoni mwake amekifunga. Nilisimama kwenye njia ya mashambani, nikafungua lile andiko, nikalisoma tena. Lilikuwa bado zuri. Nikalifuta.

Ijumaa choo cha kona kikatangazwa. Nilisikia kupitia ukutani kabla sijaona.

"Sista! Kona imechukua! Imewekewa na maua!"

"Nimesikia, braza."

"Njoo basi tucheke!"

Sikwenda. Nilikaa kitandani na simu mapajani, na nikatambua kwamba nisingeweza kwenda Goba, kupiga magoti kwenye mabafu manne ya mtu, nikiwa nasikiliza kila siku kama leo ndiyo siku atakayozilinganisha zile picha mbili. Nisingemaliza hata sakafu moja. Niliamua kupiga, nisiandike, kwa sababu maandishi ningeyarekebisha mpaka yakose ukweli.

"Fundi, habari."

"Nzuri, mama. Shikamoo. Mama, kile choo ulichonitumia picha yake nilikifunga mie."

Nyuma yake mtu alikuwa anachota kokoto kwa koleo.

"Kipi? Kile cha kona?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukanijibu kwa kucheka."

"Ndiyo, mama."

"Kimepinda kwa nini?"

"Mwenye nyumba alikitaka hivyo. Alikuwa na sababu."

"Sababu gani hiyo?"

"Ni yake. Siwezi kuisema."

"Heh!" Koleo likaendelea. "Kwa hiyo na mie nikikuagiza upuuzi utanifanyia?"

"Nitakuuliza kama una uhakika. Ukisema unao, nitafanya. Na nitaufanya vizuri."

"Hapo ndipo umenivuruga kabisa," alisema, na akakata.

Siku zilizofuata nilimaliza kazi ya fundi mwingine, jiko la kupanga tailizi za ukutani, nikazitoa mbili zilizokuwa sawa na kuzirudisha, kwa sababu tu mikono ilitaka shughuli. Fundi yule akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimeshajiambia Goba imekwenda. Nilikuwa nimeanza hata kuizoea hiyo habari.

Mama akapiga asubuhi moja nikiwa nakunywa chai. Hakusalimia.

"Njoo Goba leo. Choo kimoja kimefika. Usiniletee saruji wala gundi, njoo na penseli."

Jengo lilikuwa halijawekwa milango. Kwenye bafu la chini, sakafu ilikuwa saruji tupu, na choo kipya kimesimama katikati bado kina karatasi za boksi. Mama alikuwa amevaa kitenge na raba, mkoba mkubwa begani. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ile picha nimeikuza," alisema. "Sababu sikuulizi tena. Ila ile mistari niliifuata mpaka mwisho, nikitafuta ulipochoka."

"Ukapaona?"

"Weka choo pale kwenye tundu."

Nikakiinua, nikakikalisha juu ya bomba, ambalo tundu lake lilikuwa bado halijazibwa kwa zege, linasogezeka. Mama akaweka mkoba sakafuni, akageuka, akakaa na nguo zake, mikono magotini, kama aliyepewa kiti kwenye kikao. Vijana wa zege walikuwa wanapita na ndoo kwenye uwazi wa mlango. Mmoja akamwona, akashtuka, na adabu ikatangulia akili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alimjibu bila kutikisika, akanigeukia. "Goti linagonga. Vuta huku."

Alinyanyuka kidogo, nikavuta. Akakaa tena. Simu yake ikaita, akapokea pale pale, akamwambia mtu wa upande wa pili kwamba nondo walizoleta si zenyewe na waje wazichukue, akakata. Akanyoosha mguu wa kulia, akanyoosha wa kushoto.

"Hapa," alisema.

"Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika."

"Ukisimama, mlango utakuwa unafungukia ndani. Hautakugonga?"

Akautazama mlango ambao bado haujawepo. Akafikiri. "Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. "Hapo. Chora. Hiki ni chako. Vile vitatu nitakuambia nikishakikalia hiki siku ya kumaliza."

"Sawa, mama."

Nilipiga magoti kwenye saruji, nikaanza kuchora kuzunguka kitako cha choo, yeye akiwa bado amekaa juu yake anatafuta namba nyingine kwenye simu. Nikapitisha mstari nyuma ya kisigino chake, nikamwomba asogeze mguu, akasogeza bila kunitazama. Mistari ilipokutana niliona sehemu moja imekatika, ndogo, upana wa ukucha. Nikarudi nikaichora tena.